Robert Donat, Mwigizaji Aliyepigania Pumzi

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Yamechapwa ili mwalimu ayasome kwa sauti mbele ya darasa, kisha wanafunzi wayasome wenyewe kwa zamu.)



Kila fundi ana chombo chake. Seremala ana randa na msumeno, mshoni ana cherehani, mvuvi ana nyavu. Chombo kikiharibika, fundi hukitengeneza, au hununua kingine. Lakini ziko kazi nyingine ambazo chombo chake ni mwili wa mfanyakazi mwenyewe. Mwimbaji, mwalimu, muadhini, mhubiri na wakili, hawa wote hufanya kazi kwa sauti. Na sauti, kama mjuavyo, haitoki pasipo pumzi. Mtu akikosa pumzi, hawezi kwenda dukani kununua nyingine.

Leo nitawaelezeni habari za mtu mmoja wa Uingereza aliyekuwa akila kwa sauti yake, naye alikuwa na ugonjwa wa pumu. Jina lake ni Robert Donat. Alizaliwa mwaka 1905 akafa mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 53. Alikuwa mwigizaji, yaani mtu anayecheza nafasi ya mtu mwingine mbele ya watazamaji, jukwaani na katika sinema. Katika maisha yake alicheza sinema 19 tu. Wako wenzake wa wakati ule waliocheza mara tatu ya hizo. Hata hivyo, mwaka 1940 alipewa tuzo kubwa kupita zote wanazopewa waigizaji wa sinema. Basi na tutazame jinsi mtu huyu alivyoipata sauti yake, na jinsi alivyoitumia pumzi kidogo aliyokuwa nayo.

KIJANA MWENYE KIGUGUMIZI

Robert Donat alizaliwa tarehe 18 Machi 1905 huko Withington, katika mji wa Manchester. Alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume katika nyumba yao. Manchester uko kaskazini ya Uingereza, na wakati ule ulikuwa katika nchi ya Lancashire. Zamani hizo ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, wenye moshi mwingi. Watu wa huko wana matamshi yao, na mtu wa London akiwasikia hujua mara moja watokako.

Mtoto huyu alikuwa na kigugumizi. Ninyi mnajua taabu ya kigugumizi: neno liko kichwani, mdomo umefunguka, lakini neno halitoki, na watoto wenzako wanacheka. Basi Robert akapelekwa kwa mwalimu mmoja, Bwana James Bernard, aliyekuwa akifundisha watu kusema kwa ufasaha. Huko alijifunza kuvuta pumzi, kuituliza, na kuitoa polepole pamoja na maneno. Alijifunza kutamka kila herufi mahali pake.

Masomo hayo yalitaka fedha. Robert alipofika umri wa miaka 15 aliacha shule, akawa karani wa mwalimu huyo huyo ili aweze kulipia masomo yake. Mchana ni mfanyakazi, na baadaye ni mwanafunzi. Nadhani wengi wenu mnaonisikiliza mnayajua maisha ya namna hiyo, maana nanyi mmekuja darasani baada ya kutoka shambani, kiwandani au jikoni.

Baada ya mwaka mmoja matunda yakaonekana. Mwezi wa Julai 1921, akiwa na miaka 16, Robert alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika mji wa Birmingham. Mchezo ulikuwa Julius Caesar, ulioandikwa na William Shakespeare. Mchezo huu si mgeni kwetu. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake kwa Kiswahili, na watu wengi wa Afrika Mashariki wameusoma. Waliousoma watamkumbuka kijana aitwaye Lucius, mtumishi wa Brutus, ambaye usiku kabla ya vita anampigia bwana wake ala ya muziki, akashikwa na usingizi akiwa bado anapiga. Nafasi hiyo ndogo ndiyo aliyopewa Robert Donat. Haina maneno mengi. Lakini kwa kijana aliyekuwa na kigugumizi, kusimama mbele ya jumba lililojaa watu na kusema maneno hayo machache bila kukwama, ilikuwa safari ndefu.

KUTOKA JUKWAANI HADI SINEMA

Mwaka 1924 aliingia katika kundi la Sir Frank Benson. Kundi hili lilikuwa likizunguka mji hadi mji kucheza michezo ya Shakespeare. Leo mji huu, kesho mji ule, na kila mara mwigizaji hupewa nafasi nyingine. Leo ni mfalme, kesho ni mlinzi wa mlango. Hicho ndicho kilikuwa chuo chake, naye alikaa humo miaka kadha. Baadaye alicheza katika miji ya Liverpool na Cambridge, kisha London. Mwaka 1929 alimwoa Ella Voysey, nao wakapata watoto watatu.

Sasa lazima tueleze jambo moja la historia ya sinema. Sinema za kwanza zilikuwa bubu. Watu walionekana wakitembea na kufungua midomo, lakini hawakusikika. Maneno yaliandikwa juu ya kitambaa, watazamaji wakayasoma. Tangu mwaka 1927 sinema zenye sauti zilianza kuenea, na baada ya miaka michache zile bubu zikatoweka. Mabadiliko haya yaliwaharibia kazi waigizaji wengine waliokuwa na sura nzuri na sauti mbaya. Watengenezaji wa sinema wakaanza kutafuta watu wa jukwaani, wajuao kusema.

Ungefikiri kwamba Donat alichukuliwa mara moja. Sivyo. Alipimwa mbele ya kamera mara nyingi, na mara nyingi alikataliwa, hata watu wakamtania kwa kumpa jina la Donat wa Majaribio. Mwishowe Alexander Korda, mtengenezaji wa sinema mzaliwa wa Hungary aliyekuwa akifanya kazi London, alimwajiri. Mwaka 1933 Donat alionekana katika sinema ya Korda juu ya maisha ya Mfalme Henry wa Nane. Alikuwa Thomas Culpeper, kijana wa nyumba ya mfalme aliyempenda malkia akakatwa kichwa. Sinema hiyo ilipendwa sana Uingereza na Marekani, na watu wakauliza, "Yule kijana mwenye sauti ile ni nani?"

Mwaka 1934 Donat alikwenda Hollywood, huko Marekani, kucheza The Count of Monte Cristo, habari za mtu aliyefungwa bila ya kosa, akatoroka na kulipiza kisasi. Ilifanikiwa sana. Kampuni nyingine ya huko ikamtaka acheze nahodha wa maharamia katika Captain Blood. Hakuicheza, na nafasi yake ikamwendea kijana asiyejulikana, Errol Flynn, ambaye kwa sinema hiyo moja akawa maarufu dunia nzima. Donat yeye alirudi kwao, wala hakutengeneza sinema nyingine Hollywood.

Mwaka 1935 alicheza The 39 Steps, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Ni habari za mtu anayesingiziwa kuua, akawa anakimbia polisi na majasusi pamoja. Katika sinema hiyo kuna mahali anapokimbilia ndani ya ukumbi, kumbe kuna mkutano wa uchaguzi, na wenye mkutano wanadhani yeye ndiye mgeni waliyemngojea kuhutubia. Hana la kufanya ila kusimama na kuhutubia, naye hajui hata jina la mtu anayepaswa kumsifu! Anaanza kwa kubabaika, kisha maneno yanamjia, na mwisho ukumbi mzima unampigia makofi. Ukiijua habari ya utoto wa Donat, utaona kwamba mahali pale hakuwa mgeni. Kubabaika mbele ya watu alikujua, na kushinda kubabaika alikujua pia.

PUMU

Wakati jina lake linapanda, ugonjwa nao ulikuwa unazidi. Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu. Njia hizo huvimba na kubana, hata hewa hupita kwa shida, kama maji katika mpira uliokanyagwa. Kifua hulia kama filimbi. Mgonjwa huketi ameinama mbele, mikono juu ya magoti, akipigania kila pumzi. Baada ya saa au siku hupata nafuu, lakini hajui lini itamrudia tena.

Fikirini maana yake kwa mwigizaji. Mtu wa jukwaani ameahidi kwamba saa mbili usiku atakuwapo, na watu wamekwisha nunua tikiti. Sinema nayo hutengenezwa na watu wengi mno: wapiga picha, washonaji, mafundi wa umeme, maseremala. Mwigizaji mkubwa asipofika, wote hukaa bure, na mishahara inakwenda.

Jambo hilo hasa lilitokea walipokuwa wakitengeneza Knight Without Armour, sinema juu ya mapinduzi ya Urusi, iliyoonyeshwa mwaka 1937. Donat alishikwa na pumu vibaya, kazi ikasimama. Korda, mwenye mali, akafikiri kumtafuta mtu mwingine. Lakini mwanamke aliyecheza naye, Marlene Dietrich, mwigizaji mashuhuri mzaliwa wa Ujerumani, alikataa. Alitaka Donat angojewe. Wakamngoja, akapona, wakaimaliza kazi. Twaona hapa kwamba mgonjwa hakushinda peke yake. Alishinda kwa sababu mwenzake aliyekuwa na nguvu alisema neno moja kwa ajili yake.

Tangu hapo Donat alijua kwamba hawezi kufanya kazi nyingi. Basi akashika njia nyingine: achague chache, na kila moja aitayarishe mpaka mwisho.

DAKTARI NA MWALIMU

Mwaka 1938 alicheza The Citadel, iliyotokana na kitabu cha A. J. Cronin, daktari aliyegeuka mwandishi. Ni habari za daktari kijana anayekwenda kufanya kazi kati ya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales. Anaona wachimbaji wanakohoa, anafanya uchunguzi, anagundua kwamba vumbi la mashimoni ndilo linaloharibu mapafu yao. Baadaye anakwenda London, anaanza kuwatibu matajiri, anasahau alikotoka. Mwisho anazinduka. Katika sinema hiyo kuna mtoto mchanga anayezaliwa kama maiti, na daktari anahangaika naye mpaka mtoto anavuta pumzi yake ya kwanza. Mtu aliyecheza nafasi hiyo alijua vema thamani ya pumzi moja.

Sasa sikilizeni jinsi alivyojitayarisha. Sinema haipigwi picha kwa mfuatano wa hadithi. Huenda mwisho wake ukapigwa picha Jumatatu, na mwanzo wake Ijumaa, kwa kufuata mahali na vifaa vilivyopo. Mwigizaji aweza kupotea, asijue leo mtu wake ana huzuni kiasi gani au ana matumaini kiasi gani. Basi Donat alichora chati. Aliandika kila sehemu ya hadithi, na mbele yake hali ya moyo wa yule daktari wakati huo. Kila asubuhi alitazama chati yake, akajua aanzie wapi. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester, na wataalamu wa siku hizi wameiandikia chati hiyo makala. Watu wengi hudhani kuigiza ni kipaji tu. Donat aliigiza akiwa na kalamu mkononi.

Mwaka 1939 ikatoka sinema iliyompa sifa kuliko zote, Goodbye, Mr. Chips. Ni maisha ya mwalimu mmoja wa Kilatini katika shule ya wavulana. Anaingia akiwa kijana mwoga, wanafunzi wanamchezea. Anakuwa mkali, hapendwi. Kisha anaoa mke mchangamfu anayemfundisha kucheka na wanafunzi wake, na maisha yanageuka. Lakini mke anakufa katika uzazi pamoja na mtoto. Mwalimu anaingia darasani kama kawaida. Miaka inapita. Vita ya Kwanza ya Dunia inafika, na vijana aliowafundisha wanakufa mmoja mmoja. Mwalimu, sasa mzee, anasimama mbele ya shule kuyasoma majina yao. Kati ya majina hayo analisoma la mwalimu mwenzake wa zamani, Mjerumani, aliyekufa upande wa adui.

Donat alikuwa na miaka 33 hivi alipoicheza nafasi hiyo, naye alitakiwa awe kijana, kisha mtu mzima, kisha mzee wa miaka 83. Wapambaji walimsaidia kwa rangi za uso na nywele za bandia. Lakini rangi haiwezi kuzeesha sauti. Hiyo aliizeesha mwenyewe. Ukisikiliza bila kutazama, utajua mwalimu yule amefika umri gani: pumzi inafupika, maneno yanakatika, kicheko kinapungua nguvu.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, huko Marekani, ilitolewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa mwaka uliopita. Walioshindania walikuwa watano: Clark Gable, aliyecheza Gone with the Wind, sinema iliyokuwa gumzo la kila mtu mwaka ule, Laurence Olivier, James Stewart, Mickey Rooney, na Robert Donat. Aliyeshinda ni Donat, yule kijana wa Manchester mwenye kigugumizi.

LUGHA YA KWAO

Miaka ya Vita ya Pili ya Dunia na baada yake aliendelea kucheza London kila afya ilipomruhusu. Alisoma pia mashairi katika redio ya Uingereza, BBC, na watu wengi waliokaa gizani majumbani mwao walimpenda kwa sauti hiyo tu, bila kuiona sura yake. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1946. Mwaka 1948 alicheza The Winslow Boy, iliyotokana na kesi ya kweli. Mvulana mmoja wa chuo cha wanamaji anashitakiwa kwamba ameiba hawala ya posta ya shilingi tano, anafukuzwa, na baba yake anaitumia mali yake karibu yote ili kumtakasa jina. Donat alikuwa wakili wao.

Mwaka 1949 alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Aliongoza sinema mwenyewe, nayo ni The Cure for Love, ya kuchekesha, juu ya askari anayerudi kwao Lancashire baada ya vita. Ndani yake alisema kwa matamshi ya Lancashire. Kumbukeni kwamba ujanani alilipa fedha ili afundishwe kusema Kiingereza sanifu. Bila hicho asingepewa nafasi za wafalme na mawakili. Sasa, akiwa bingwa, aliweza kuirudia lugha ya nyumbani bila aibu. Nasi tunalijua jambo hili. Mtu wa Mombasa, wa Unguja, wa Pemba au wa Lamu aweza kujifunza Kiswahili sanifu cha vitabuni, na asiitupe lahaja ya mama yake. Mwanamke aliyecheza naye katika sinema hiyo, Renée Asherson, aliolewa naye mwaka 1953.

Ilibaki nafasi moja aliyokuwa ameitiwa hasa. David Lean alikuwa akitengeneza Hobson's Choice, sinema ya mwaka 1954, juu ya fundi viatu wa Salford, mji ulio pua na mdomo na Manchester. Fundi huyo, Willie Mossop, anafanya kazi chini ya duka, hajulikani, na kusoma na kuandika kwake ni kwa shida. Binti wa mwenye duka anauona ufundi wake, anamwoa yeye badala ya kungoja kuolewa, na jioni anamfundisha kuandika juu ya kibao. Polepole Willie anainuka, mpaka anakuwa mwenye duka. Lilikuwa jukumu la mtu wa Lancashire, kwa lugha ya Lancashire, tena juu ya mtu mzima anayejifunza kuandika. Donat alichaguliwa kulicheza. Lakini pumu haikumruhusu. Alilazimika kujitoa, na John Mills akalicheza badala yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1953, alikuwa amecheza jukwaani katika jumba la Old Vic, London, akiwa Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Wataalamu walimsifu sana. Hata hivyo afya ilimshinda, akaacha kabla siku za mchezo hazijaisha. Hakucheza tena jukwaani London.

KAZI YA MWISHO

Mwaka 1954 alicheza Lease of Life, akiwa kasisi wa kijijini anayeambiwa na daktari kwamba amebakiwa na mwaka mmoja hivi wa kuishi. Kisha kwa miaka kadha hakucheza sinema.

Mwaka 1958 aliitwa kucheza katika The Inn of the Sixth Happiness. Ni habari za Gladys Aylward, mtumishi wa nyumbani wa London aliyekwenda China kuwa mmisionari, na wakati wa vita na Japani akawavusha watoto wapatao mia milimani. Gladys alichezwa na Ingrid Bergman. Donat alikuwa mtawala wa mji, Mchina mzee mwenye busara. Siku hizi watu wangeuliza, na wana haki kuuliza, kwa nini nafasi ya Mchina haikupewa Mchina. Zamani zile watengenezaji wa sinema hawakujiuliza hivyo. Hata milima ya China waliipiga picha Wales.

Donat alikuwa mgonjwa sana. Mitungi ya oksijeni iliwekwa karibu. Alivuta hewa, akasimama, akasema maneno yake, akarudi kuketi. Katika sehemu yake ya mwisho, mtawala yule mzee anaagana na Gladys, anamwambia kwamba hadhani wataonana tena. Donat aliyasema maneno hayo, akaimaliza kazi. Alikufa London tarehe 9 Juni 1958. Sinema ilipoonyeshwa mwishoni mwa mwaka ule, watazamaji walimsikia akiaga, nao walijua kwamba amekwisha kufa. Huko Marekani chama cha kupima sinema, National Board of Review, kilimtaja kwa heshima ya pekee kwa ushujaa wa kazi yake hiyo ya mwisho.

Ndugu wasikilizaji, kuna jambo moja la kusikitisha, nalo ni la historia ya uganga. Dawa nyingi tunazozitumia leo kwa pumu zilichelewa kumfikia. Kile kichupa kidogo cha kuvuta dawa kinywani kilianza kuuzwa mwaka 1956, miaka miwili kabla ya kifo chake. Dawa ya salbutamoli, inayofungua njia za hewa kwa dakika chache, ilianza kutumika mwaka 1969. Ile ya kuvuta ya kuzuia uvimbe wa mapafu ilifuata mwaka 1972. Leo mgonjwa wa pumu akipata dawa hizo, akazitumia kila siku kama alivyoambiwa, aweza kufanya kazi, kucheza mpira, hata kuimba. Kwa hiyo mwenye pumu nyumbani kwenu msimwache akipigania pumzi na kusema ni hali yake. Mpelekeni hospitali au zahanati.

Basi, tunajifunza nini kwa Robert Donat? Wako wanaosema alipoteza bahati. Sinema 19 ni chache, na nafasi nyingi ziliwaendea wengine. Mimi naona vingine. Sauti aliyokuwa nayo hakuzaliwa nayo. Aliitafuta kwa kazi ya ukarani na masomo. Kisha alipoona kwamba pumzi yake ni haba, hakuitapanya. Alifanya kama mwenye shamba dogo: hapandi kila mbegu, lakini kila mche anaujua. Ndiyo maana leo, baada ya miaka mingi, kazi zake zingali zinatazamwa na kusikilizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Robert Donat alipataje fedha za kulipia masomo yake? Je, katika darasa letu nani anafanya kazi na kusoma kwa pamoja, naye anagawaje saa zake?

2. Marlene Dietrich alimsaidia vipi mwenzake? Taja mahali pa kazi ambapo neno la mtu mmoja lingeweza kumwokoa mgonjwa asipoteze kazi yake.

3. Donat aliendelea kucheza akiwa na mitungi ya oksijeni karibu. Wengine watasema huo ni ushujaa, wengine watasema alipaswa kupumzika. Wewe unaonaje? Eleza sababu zako.

4. Chagueni fungu moja la maneno katika mazungumzo haya. Kila mtu alisome kwa sauti. Vuta pumzi kabla ya kuanza, tua kwenye mkato, pumzika kwenye nukta, wala usikimbilie mwisho. Anayekwama asichekwe. Angojewe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.